Maji ya Chini Yalipopanda

Harufu ndiyo iliyotangulia. Kabla mpimaji hajafika hata kwenye geti la kituo cha maji, ilimpiga usoni harufu ya mayai viza, nzito, ya kukaba koo. Mtu mwingine akisikia uvundo huziba pua akaendelea na safari yake. Yeye hakuziba. Kazi yake ilikuwa kulipima lile bwawa kila asubuhi, akiwa ndani ya boti anateremsha kipimo chake cha waya kutoka juu mpaka topeni, na harufu ile alijua inakaa wapi. Ilikaa chini kabisa, gizani, na haikuwa na ruhusa ya kupanda.

Halafu akasikia mashine ya hewa inanguruma.

"Ala!" alisema peke yake barabarani. "Nani kaiwasha?"

Swali la haki hilo, maana fundi wa mashine alikuwa likizo, amekwenda kumzika baba mkwe wake. Na mashine yenyewe ilikuwa imelala tangu joto lilipoanza. Mkanda wake ulikatika, mkanda mpya ukachelewa kama vinavyochelewa vitu vyote vinavyohitaji sahihi ya bosi, na ulipofika, mpimaji mwenyewe ndiye aliyemwambia meneja: tusiwashe sasa, tusubiri baridi.

Kwa nini asubiri? Hapa inabidi uvumilie kidogo nikueleze, la sivyo damu iliyomwagika siku ile utaiona ya kipuuzi tu. Bwawa refu la kwenda chini likipigwa na jua msimu mzima hugawanyika. Maji ya moto yanakaa juu, ya baridi yanalala chini, na hayasalimiani, kama ndugu waliogombana wanaoishi nyumba moja. Ya juu yanapata hewa ya upepo. Ya chini hayapati kitu. Majani, kinyesi cha samaki, chakula kinachomwagwa kwenye vizimba vya kufugia, vyote vinazama kule vikaoza, na kule kuoza kunaila hewa yote iliyomo majini mpaka haibaki hata ya kumtosha kiluwiluwi. Hewa ikiisha, tope nalo linaachia. Yale yote liliyokuwa limeyashika, fosforasi, chuma, amonia, pamoja na hiyo gesi ya mayai viza, linayatapika ndani ya maji, na yanabaki palepale chini yakingoja.

Mashine ya hewa iliwekwa kuzuia hayo. Bomba zenye matundu zimelazwa chini ya bwawa, kompresa inasukuma upepo, viputo vinapanda. Lakini lazima iwashwe mapema, joto halijakolea, na koki zifunguliwe kidogo kidogo. Ukichelewa, halafu ukazifungua zote kwa mkupuo, utakuwa hukupeleka hewa chini hata kidogo. Utakuwa umeuleta uozo wa chini huku juu wanakoishi samaki.

Mpimaji alikimbia. Viatu vyake vilikuwa vya kazini, vizito, na begi la kipimo lilimgonga nyonga kila hatua, lakini alikimbia mpaka chumba cha mashine. Mlango wazi. Koki zote wazi mpaka mwisho. Mlinzi amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakunywa chai kwa raha zake.

"Nani kafungua hizi?"

"Si wewe, dada?" Mlinzi alimtolea macho. "Kaka yako kaja hapa alfajiri. Kasema mdogo wangu kanituma, samaki wanakata roho, niwashie. Nikampa funguo, kawasha mwenyewe. Sasa mimi nimkatalie kaka yako wewe? Kwani nimekosea?"

Mpimaji alifunga koki moja baada ya nyingine, akazima kompresa, na mashine ikakohoa ikanyamaza. Mlinzi alimtazama usoni, akachungulia dirishani kule majini, akaweka kikombe chini bila kukimaliza. Huyo akaingia mitini, na hakuonekana tena mpaka yote yalipokwisha.

Jumapili iliyopita ndipo mambo yalipoanza, nyumbani kwa mama yao, mezani. Kaka yake alikuwa mwenyekiti wa wenye vizimba vya samaki pale bwawani, na watu walimwita Mwenyekiti mpaka mkewe naye akaanza kumwita hivyo. Alikuwa mtu wa kicheko kikubwa na ulimi mrefu zaidi, lakini Jumapili ile hakucheka. Perege wake walikuwa wanapanda juu kila asubuhi wakiachama midomo. Kila alichonacho alikuwa amekizamisha kwenye vile vizimba, na ada za watoto zilikuwa zinaogelea mle.

"Wewe si ndiyo mtaalamu wetu," alimwambia mdogo wake. "Wana nini hawa?"

"Wanakosa hewa, kaka. Chini kule hakuna hewa kabisa."

"Na ile mashine yenu ya hewa? Ikiwashwa?"

"Mashine ndiyo dawa yenyewe," mpimaji alisema. "Maji yanapata pumzi. Ila sasa..."

Mama akamwita jikoni amsaidie kuipua sufuria. Akaenda. Aliporudi wanazungumzia habari za shemeji aliyenunua pikipiki mbovu, wanacheka, naye akakaa akacheka nao. Ile "ila sasa" yake ikabaki imening'inia hapo mezani, haikumaliziwa na mtu.

Mashine iliponyamaza, ndipo mpimaji aliposikia kelele za ufukweni. Alitazama dirishani. Pale bomba zilipopita chini, maji yalikuwa ya kahawia, yanachemka povu chafu, na kuzunguka vizimba vyote kulikuwa kweupe. Alidhani ni povu vilevile. Hapana, yalikuwa matumbo ya samaki. Perege wakubwa, perege wadogo, wote chali, wamejaa ndani ya vizimba kimoja baada ya kingine, hakuna hata mmoja anayepiga mkia. Mungu wangu, alisema. Akashuka mbio kuelekea ufukweni.

Na huko ufukweni walikuwa wameshampata mtu.

Waliyempata ni Kabichi. Jina lake halisi lilishasahaulika. Alilima kabichi kwenye mteremko wa juu ya bwawa, akauza kabichi, akazungumza habari za kabichi hata msibani, basi watu wakamwita Kabichi naye akaitika. Wenye vizimba walimtania na kumlaumu kwa zamu. Mbolea zako, walimwambia, mvua inatuletea sisi, maji yanakuwa kijani. Naye anawajibu: na mavi ya samaki wenu nayo mnampa nani? Wote walikuwa na haki yao, tena wote walikuwa wanalilisha lile tope kwa pamoja, lakini asubuhi ile hakuna aliyekuja kutafuta haki. Kabichi alikuwa ameteremka kuchota maji ya kuchanganyia dawa ya wadudu, bomba la kupulizia liko mgongoni. Angetafuta saa mbaya kuliko hiyo asingeipata.

"Umetuua!" Mwenyekiti alikuwa anafoka, amemkaba ukosi wa shati. "Umetuua sote, mbwa wewe! Unatia sumu majini mchana kweupe!"

"Ndugu zangu, nimekuja kuchota maji tu," Kabichi alisema. Alikuwa anajaribu kutabasamu, masikini, kama mtu anayetaniwa. "Bomba hili tupu. Hebu litikiseni."

Mtu akalitikisa. Lilikuwa tupu kweli, linalia kama debe.

"Tupu kwa sababu umeshalimwaga!" alipiga kelele Mama Mapacha, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bwawa bila simu. Haya, jibu la hilo utalitoa wapi? Watu wakaunguruma. Mwenyekiti akamtandika Kabichi kofi la kwanza, na kofi la kwanza likishapigwa, hakuna anayehesabu yanayofuata.

Walimvua lile bomba mgongoni kwa nguvu mpaka mkanda wake ukamkata bega. Fundi mmoja wa boti akalishika kwa mikono miwili akamtwanga nalo mdomoni. Kabichi akaanguka magoti, akatema meno matopeni, akajaribu kuyaokota. Ndiyo, alijaribu kuyaokota, anapapasa kwenye tope kama mtu aliyeangusha funguo, na hilo likawafanya wengine wacheke na wengine wazidi kupandwa na hasira. Teke la mbavu. Teke la mgongo. Mzee mmoja mwenye vizimba viwili tu, mtu mpole wa siku zote, alivua kiatu akawa anampiga nacho kisogoni huku analia machozi. "Wanangu watakula nini?" anasema, anapiga. "Watakula nini?" anapiga.

Mpimaji alifika anahema. Alijipenyeza, akapigwa kiwiko cha kifua, akajipenyeza tena, mpaka akalikamata shati la kaka yake kwa nyuma. Akamvuta. Akapeleka mdomo karibu kabisa na sikio lake.

"Kaka, si yeye," alinong'ona. "Ni mashine. Ile uliyoifungua wewe. Umepandisha maji ya chini, maji yasiyo na hewa, ndiyo yamewakaba samaki. Si sumu. Mwache huyu baba. Waambie wamwache."

Mwenyekiti aligeuka. Hakuwa mjinga, tusimsingizie. Alitazama juu kwenye chumba cha mashine, akatazama mstari wa kahawia majini, jinsi ulivyofuata bomba za hewa kama uliochorwa, akatazama vizimba vya wenzake vyeupe pee. Mdogo wake aliliona jambo lile linamwingia, linashuka taratibu usoni mpaka shingoni, na midomo yake ikapauka. Akafikiri: sasa atainua mkono. Sasa atasema basi, jamani, basi. Watu wale walikuwa wanamsikiliza. Neno lake moja lingetosha.

"Nyamaza," Mwenyekiti alisema kwa sauti ndogo sana. "Nyamaza, mdogo wangu. Nenda nyumbani."

Kisha akainama kwenye boti, akachukua kasia, akamrudia Kabichi na kumpiga nalo kichwani.

Pigo lile lilikuwa na mlio wake. Yale mengine yote yalikuwa ya nyama na mifupa ya kawaida, lakini lile lilisikika hadi kwa waliokuwa nyuma. Kabichi hakupiga kelele tena. Alilala ubavu, jicho moja wazi, mkono wake unakwaruza ardhi. Mwenyekiti akampiga tena, begani, mgongoni. Mwanzoni alikuwa anapiga kwa hasira, na hasira ina mahali pa kuchokea. Sasa alikuwa anapiga kwa woga. Alimtaka yule mtu afe na lawama yake, iwe imekwisha, wazikwe pamoja.

Na mpimaji? Nakwambia wazi: alisimama. Hakuzirai, hakuzuiwa na mtu, ulimi haukumkauka. Alisimama akajiziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu yule mwenye kasia alikuwa kaka yake, mtoto wa mama yake, aliyembeba mabegani kuvuka maji ya mvua walipokuwa wadogo. Alijua akisema tu, watu wale watageuka. Aliiona mikono yao. Akaanza kujidanganyadanganya: labda watachoka. Labda polisi watatokea. Labda Kabichi ana mwili mgumu, wakulima wana miili migumu. Aliwaza habari za mama yao mwenye presha. Akawaza watoto wa kaka yake. Habari za watoto wa Kabichi hazikumjia; aliowaona, mmoja mmoja kwa sura zao, ni hao wa kaka yake aliowazoea.

Kasia likapanda, likashuka.

"Leteni petroli!" mtu akasema.

Fundi wa boti alikuwa ameshaifuata. Alirudi na dumu la injini, kifuniko mdomoni, akammwagia Kabichi kuanzia miguuni, na harufu ya petroli ikachanganyika na ile ya mayai viza mpaka watu wa mbele wakakohoa. Kabichi alishituka petroli ilipomwingia kwenye vidonda. Akafungua mdomo usio na meno ya mbele.

"Mwambieni mke wangu," alisema, na akashindwa kuendelea.

Hapo ndipo kitu kilipokatika ndani ya mpimaji. Alipanda juu ya boti iliyofudikizwa, akateleza, akapanda tena.

"Ni mashine!" alipiga kelele. Sauti yake ilikuwa mbaya, imepasuka. "Hakuna sumu! Hakuna sumu, jamani, ni mashine ya hewa! Nani hapa hakuisikia asubuhi inanguruma?"

Walimtazama. Wote waliisikia.

"Maji ya chini hayana hewa! Yamekaa na uozo msimu mzima! Mashine ikifunguliwa yote kwa mara moja, yanapanda, yanamaliza hewa ya juu, samaki wanakufa kwa kukosa pumzi! Nusieni! Hiyo ni dawa ya kabichi hiyo? Dawa gani inanuka mayai? Tazameni, vizimba vilivyo juu ya bomba za hewa ndivyo vilivyoanza kufa!"

"Vyangu," alisema Mama Mapacha. Safari hii hakupiga kelele. "Vyangu vilianza. Nikaona maji yanachemka, nikasema, loh, leo kuna nini."

"Na fundi wa mashine yuko msibani!" mpimaji alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na makamasi pia, hakuyafuta. "Fundi hayupo!"

Hakutaja jina, wala halikuhitajika. Kabla jua halijachomoza vizuri, Mwenyekiti mwenyewe alikuwa amepita kizimba kwa kizimba, boti kwa boti, anajigamba kwa ule ulimi wake: leo samaki watapumua, nimewaletea hewa mimi mwenyewe, jioni mtanishukuru. Wote waliambiwa. Wengine walimpigia makofi.

Mama Mapacha aligeuza shingo polepole. "Mwenyekiti. Si ulituambia ni wewe?"

Mwenyekiti alikuwa bado ameshika kasia, lina damu na nywele. Aliwatazama watu wake mmoja baada ya mwingine, akatafuta uso wa kumwonea huruma, hakuuona.

"Yeye ndiye kanituma!" alisema, akamnyooshea mdogo wake kidole. "Muulizeni mlinzi! Yeye ndiye mtaalamu, kaniambia mwenyewe mashine ndiyo dawa! Mimi nafahamu nini habari za hewa?"

Lo! Binadamu. Watu hawakusubiri kuamua nani mkosaji zaidi kati yao wawili. Mpimaji alivutwa mguu akaanguka kutoka kwenye boti, uso ukagonga mbao, mtu akamkanyaga mkono na ukalia tas kama kijiti. Aliona miguu tu: kandambili, mabuti, miguu pekupeku yenye magamba ya samaki. Alisikia kaka yake anatukana, kisha anaomba, kisha anapiga mayowe. Walikuwa wamemnyang'anya kasia lake, wakamvunja nalo mguu chini ya goti. Yule mzee mpole wa kiatu alikuwa amebadilisha mtu tu, kiatu ni kilekile.

"Petroli iliyobaki!" wakasema. "Mwageni yote!"

Mpimaji alitambaa. Mkono mmoja umekufa ganzi, alitambaa kwa kiwiko cha pili katikati ya miguu ya watu mpaka akamfikia kaka yake, akamlalia juu. Petroli ikamwagika mgongoni kwake, baridi kama maji ya kisima.

"Tuchomeni wote basi!" alisema, mdomo umejaa damu. "Si mnataka? Tuchomeni!"

Fundi wa boti alikuwa ameshatoa kiberiti. Njiti ya kwanza ikakatika. Njiti ya pili alikuwa anaiegemeza kwenye kiberiti Mama Mapacha alipomzaba kofi la nguvu mpaka kiberiti kikarukia matopeni.

"Mikono yako yote ina petroli, hamnazo wewe! Utawaka wa kwanza!"

Mtu mmoja akacheka. Kicheko cha ajabu, cha kushituka, na baada yake hakuna aliyejua aendelee vipi. Fundi wa boti akaitazama mikono yake, akaanza kuifuta kwenye suruali, anaifuta, anaifuta. Mzee akavaa kiatu chake. Waliokuwa nyuma wakakumbuka kwamba wana shughuli kwingine. Polisi walipofika na gari lao walikuta samaki wanaoza, watu watatu wamelala kwenye matope ya petroli, na Mama Mapacha amekaa pembeni ya Kabichi anamfukuzia nzi kwa ncha ya kanga.

Hospitalini waliwekwa jengo moja. Kabichi aliingizwa kwenye chumba cha upasuaji, na kabla ya mchana kwisha akatolewa amefunikwa shuka. Muuguzi aliyekuwa anamfunga mpimaji plasta hakuwa anajua anazungumza na nani.

"Mbavu zingepona," alisema huku anazungusha kitambaa. "Meno angewekewa mengine. Hata ule mgongo. Kilichommaliza ni lile pigo moja la kichwani. Lingine lolote angelivumilia. Mbona unavuta mkono, dada? Nimekubana?"

"Hapana," mpimaji alisema. "Endelea."

Baadaye alikwenda wodi ya wanaume. Mwenyekiti alikuwa amelala mguu umening'inizwa, mkono mmoja umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda, askari anasinzia mlangoni. Mama yao alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya chumba, hajui amtazame nani. Alikuwa amelia mpaka uso umevimba.

Hawajazungumza, mwanamke mmoja akaingia. Alikuwa mfupi, ana udongo mweusi kwenye kucha, kanga yake ameifunga vibaya kwa haraka. Alimpita Mwenyekiti kama anapita meza, akaenda moja kwa moja kwa mpimaji, akamshika mkono ule mzima kwa mikono yake miwili.

"Wewe ndiye uliyepanda juu ya boti," alisema. "Nimeambiwa. Wameniambia usingekuwepo wewe wangemchoma, nisingepata hata mwili wa kuzika. Mume wangu nimemwosha uso, nimemtambua. Asante, mwanangu. Mungu akulipe. Asante sana."

Mpimaji hakuweza kufungua mdomo. Mke wa Kabichi aliuchukulia ukimya ule kuwa ni uchungu, akampigapiga mkono, akatoka kwenda kukaa kwenye benchi la nje kungoja ndugu zake walete gari.

Mwenyekiti akageuza kichwa kwenye mto. Macho yake yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kama kaka yake wa zamani, yule wa kicheko.

"Mdogo wangu," alisema. "Kwa nini ulipiga kelele mbele ya watu? Mimi ni kaka yako. Ungeninong'oneza tu, tukayamaliza sisi kwa sisi."

"Nilikunong'oneza."

Mwenyekiti akafumba macho.

"Nilikunong'oneza, kaka," mpimaji alisema tena, "na ulisikia. Kichwani ulimpiga baada ya hapo. Na mimi nikakaa kimya nikikuhurumia wewe. Ningepiga kelele kwanza, yule baba angekuwa hai, ana mapengo tu."

"Basi, mwanangu, basi," mama yao alisema haraka, anatazama mlangoni kwa askari. "Usiseme hivyo. Yamekwisha. Hakuna anayejua hayo. Yule mama mwenyewe kakushukuru, si umesikia? Mwache na shukrani zake, zinampoza. Kaa hapa. Kaa na sisi."

Mpimaji alimtazama mama yake, akamtazama kaka yake, na hakuna siku aliyowapenda kama ile. Akainuka, mkono wa plasta ameubana kifuani, akampita askari, akatoka nje. Mke wa Kabichi alikuwa peke yake kwenye benchi, viatu vya mumewe amevipakata. Alimwona anakuja akasogea kumpa nafasi.

"Mama," mpimaji alisema, na hakukaa. "Nimekuja kukurudishia ile asante yako."